Mchoro wa Ukutani kwa Biashara Ndogo: Mwongozo Kamili, Kuanzia Ukaguzi wa Ukuta Hadi Makabidhiano

Mchoro wa ukutani unaoharibika kabla ya wakati wake huharibika karibu kila mara kwa namna ile ile. Rangi huanza kuvimba karibu na msingi, kisha hupasuka, na hatimaye hubambuka vipande vipande pamoja na nusu ya jina la biashara. Mwenye biashara humlaumu mchoraji, mchoraji huilaumu rangi, na muuza rangi huilaumu mvua, ilhali kazi hiyo ilikwisha kupotea kabla brashi haijachovywa, kwa kuwa hakuna aliyeukagua ukuta. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu ukuta wenyewe, na msomaji aliyekuja kutafuta mbinu za kuchora sura ya mtu itambidi avumilie kidogo.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mgahawa mdogo wa supu na chapati ulioko kando ya barabara jijini Dar es Salaam, wenye ukuta wa nje wa matofali ya saruji uliopigwa plasta. Sehemu itakayochorwa ina upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.4, yaani mita za mraba 9.6.

## Vifaa vinavyohitajika

Vya kukagua na kuandaa: brashi ya waya, kisu cha kukwangulia, msasa mkavu na msasa wa maji, kitambaa cheusi, kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50, utepe wa gundi unaoshika sana, ndoo mbili, barakoa na miwani ya kukinga macho.

Vya kupimia: tepu ya kupimia, timazi, pima maji, uzi wa fundi na unga wa chaki, penseli, na karatasi za A3.

Vya kupakia: rola moja, brashi pana ya sentimita 10, brashi bapa za ukubwa mbalimbali, brashi nyembamba mbili za herufi, utepe wa karatasi wa wapaka rangi, vikopo vyenye vifuniko, na ngazi au jukwaa imara.

Rangi: praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya kuta za saruji inayostahimili alkali, yaani kemikali kali iliyomo kwenye saruji, rangi ya maji ya akriliki ya nje kwa ajili ya usuli (rangi ya nyuma ya mchoro) na mchoro wenyewe, na vanishi angavu ya maji ya matumizi ya nje.

Wachoraji wengi hupenda rangi ya mafuta kwa sababu inang'aa na wameiona ikidumu kwenye michoro ya Tingatinga. Michoro hiyo, hata hivyo, huchorwa juu ya ubao mgumu au turubai, vitu visivyo na alkali wala maji yanayopanda kutoka ardhini. Saruji ina alkali, na alkali ikikutana na unyevu huigeuza rangi ya mafuta kuwa kitu laini kama sabuni kinachoachia ukuta. Tena rangi ya mafuta hukakamaa kadiri inavyozeeka na kuuziba ukuta, hivyo maji yaliyomo ndani yakitafuta njia ya kutoka huisukuma kwa nje. Rangi ya akriliki hupitisha mvuke kiasi na hunyumbuka, na kwenye ukuta wa saruji mimi sioni sababu ya kutumia nyingine.

Kuhusu kiasi, lita moja ya rangi hufunika takriban mita za mraba 8 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, kwenye plasta laini, na pungufu ya hapo kwenye plasta yenye mikwaruzo. Ukuta wetu wa mita za mraba 9.6 utahitaji lita 1.2 za praima na lita 2.4 za rangi ya usuli kwa mikono miwili. Nunua lita 2 za praima na kopo moja la lita 4 la usuli, kwa kuwa utahitaji akiba ya marekebisho. Rangi za mchoro zitatosha kwa makopo ya lita moja moja.

## Hatua ya 1: Ukague ukuta

Usikubaliane bei kabla ya hatua hii, kwa sababu ukuta mbovu hubadilisha gharama yote.

Umri wa plasta. Plasta mpya isipakwe rangi kabla ya siku 28 kupita. Katika muda huo saruji hukomaa, maji hutoka na ukali wa alkali hupungua. Mwenye biashara atakuharakisha kwa kuwa siku ya ufunguzi imekaribia. Mweleze sababu hiyo na usimame hapo.

Unyevu. Bandika nailoni ukutani, ukiziba pande zote nne kwa utepe wa gundi, na uiache kwa saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, au ukuta nyuma yake umekoza rangi, unyevu unatoka ndani ya ukuta wenyewe. Fanya jaribio hili mara mbili, moja likiwa sentimita 30 kutoka chini na jingine usawa wa kifua, maana ukuta mmoja unaweza kuwa mkavu juu na kulowa chini.

Chumvi. Unga mweupe unaochomoza ukutani ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka kwenye saruji, mchanga au ardhi. Katika miji ya pwani tatizo hili huzidi pale fundi alipotumia mchanga wa ufukweni bila kuuosha, kwani chumvi ya bahari huvuta unyevu hata kutoka hewani.

Unga wa rangi ya zamani. Pitisha kitambaa cheusi ukutani kwa nguvu. Kikitoka cheupe, basi chini kuna chokaa au rangi iliyochoka, na chochote utakachopaka juu yake kitashika unga huo badala ya kushika ukuta.

Mshiko. Pale penye rangi ya zamani inayoonekana nzima, kata alama ya mkasi (X) kwa kisu hadi ufikie plasta, bandika utepe wa gundi juu yake, ubonyeze vizuri, kisha uuvute kwa ghafla. Vipande vikitoka na utepe, rangi hiyo yote lazima ikwanguliwe.

Ukuta unaofaa ni ule uliopita majaribio yote yanayouhusu. Ukishindwa hata moja, nenda hatua ya pili kabla ya kuwaza rangi.

Hapa pana angalizo kwa walioko Zanzibar, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa. Kuta za kale za mawe ya matumbawe na chokaa hazifai kabisa kupakwa rangi ya plastiki, hata hii ya akriliki, kwa sababu hupumua kupitia chokaa, na zikizibwa huoza kwa ndani. Aidha, mengi ya majengo hayo yako chini ya sheria za hifadhi. Kwa biashara iliyomo ndani ya jengo la namna hiyo, chora kwenye mbao zinazotundikwa.

## Hatua ya 2: Utibu ukuta

Anza na chanzo cha maji. Mara nyingi ni mfereji wa paa uliotoboka, bomba linalovuja, bafu lililoko upande wa pili, au udongo uliorundikwa kando ya ukuta hadi kupita usawa wa sakafu. Praima haizuii maji ya aina hii, hata kama muuzaji amekuapia. Mwite fundi bomba au fundi ujenzi kwanza, kisha uache ukuta ukauke na urudie jaribio la nailoni.

Chumvi iondolewe kwa brashi kavu, wala isioshwe. Ukiiosha, maji huiyeyusha na kuirudisha ndani, kisha baada ya siku chache hutoka tena. Ipanguse, ikusanye na uitupe mbali na ukuta, halafu subiri wiki moja. Ikichomoza upya, maji bado yanatembea ndani na kazi isianze.

Kuvu na ukoga wa kijani huuawa kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi huiita jiki, kwa kipimo cha sehemu moja ya dawa na tatu za maji. Paka, subiri robo saa, sugua, suuza, kisha acha pakauke kabisa. Dawa hii isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Rangi ya zamani ya mafuta iliyoshika vizuri ipigwe msasa wa maji hadi ng'aro yake iishe. Nasisitiza msasa wa maji kwa sababu rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto. Huu ni mgahawa: sufuria na meza ziondolewe, na tope la msasa likusanywe badala ya kumwagwa mlangoni.

Nyufa nyembamba zipanuliwe kidogo kwa ncha ya kisu na kuzibwa kwa puti ya nje. Usitumie puti ya ndani wala jasi, kwani hulainika zikipata mvua. Ufa mpana unaoingiza ukingo wa sarafu, au unaoendelea kukua, ni kazi ya fundi ujenzi.

Mwisho, tenga ukanda wa chini. Kuanzia ardhini hadi sentimita 50 usichore kitu. Paka rangi moja iliyokoza, kwa mfano kahawia au kijivu. Hapo ndipo matone ya mvua hurusha tope, viatu hugonga na unyevu wa msingi huanzia. Ukanda ukiharibika utapakwa upya kwa saa moja bila kugusa mchoro.

## Hatua ya 3: Kubalianeni kuhusu mchoro

Wakati ukuta unakauka, keti na mwenye biashara na umuulize maswali machache: nani anapita hapa, anapita kwa mwendo gani, na unataka akumbuke nini? Abiria wa daladala na dereva wa bodaboda wana sekunde chache tu. Kwao, bakuli moja kubwa la supu linalofuka mvuke lina nguvu kuliko vyakula kumi vilivyobanana. Wateja watakaokaa karibu na ukuta kwa nusu saa ndio utakaowawekea mambo madogo ya kutazama.

Rangi nazo zina maneno yake mtaani. Nyekundu na nyeupe peke yake zitasomeka kama Simba, kijani na njano zitasomeka kama Yanga au kama chama cha siasa, na baadhi ya kuta nyekundu tupu watu wamezoea kudhani ni za kampuni ya simu. Mwenye biashara akitaka hivyo ni hiari yake, lakini aamue akiwa anajua kwamba nusu ya wateja wa supu ya asubuhi wanaweza kuwa wa upande wa pili.

Shauri bei za vyakula zisiandikwe ukutani, kwa kuwa hubadilika. Namba ya simu iwekwe kwenye kibao kidogo kinachoweza kuandikwa upya. Zingatia pia vilivyopo: mita ya LUKU, dirisha, bomba, mahali pikipiki zinapoegeshwa na mahali watu wanapoegemea. Sura kuu isiwekwe nyuma ya kiti ambacho kitakaliwa kila siku.

Mambo matatu yapatikane kwa maandishi. La kwanza ni ruhusa ya mwenye nyumba, kwa kuwa fremu (vyumba vya biashara) nyingi ni za kupanga na mpangaji hana mamlaka ya kubadilisha ukuta. La pili ni jibu la halmashauri, au la serikali ya kaunti kwa walioko Kenya, kuhusu kibali na ada ya matangazo ya nje. La tatu ni makubaliano yenu: mchoro ulioidhinishwa, idadi ya marekebisho yasiyolipiwa, na malipo ya awali yanayotosha kununua vifaa vyote. Kataa kuchora vibonzo maarufu, nyota wa mpira au nembo za kampuni bila idhini ya wenye haki.

## Hatua ya 4: Andaa mchoro wa vipimo

Tumia uwiano wa 1 kwa 10, ambapo sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 10 za ukuta. Ukuta wetu utakuwa sentimita 40 kwa 24, na utaenea kwenye A3 moja. Gawa karatasi kwa miraba ya sentimita 4, upate safu wima 10 na safu mlalo 6. Zipe safu wima herufi A hadi J, na safu mlalo namba 1 hadi 6.

Kimo cha herufi huamuliwa na umbali wa msomaji. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali. Ikiwa ng'ambo ya barabara ni mita 24 kutoka ukutani, jina la mgahawa liwe na herufi za sentimita 20 au zaidi, yaani sentimita 2 kwenye karatasi.

Paka rangi mchoro huo mdogo, uupige picha, kisha uutazame kwenye simu ukiwa umepunguzwa hadi ukubwa wa stempu. Ukibaki unajulikana ni wa nini, umefaulu. Ukigeuka madoa, ondoa vitu na uongeze tofauti kati ya rangi nyeupenyeupe na zilizokoza. Mwenye biashara atie sahihi kwenye karatasi hiyo.

## Hatua ya 5: Praima na usuli

Chagua majira. Pwani ya Tanzania na Kenya, miezi ya Juni hadi Septemba ni salama zaidi kuliko masika ya Machi hadi Mei. Katika siku yenyewe, fuata kivuli: ukuta unaotazama mashariki upakwe alasiri, na unaotazama magharibi upakwe asubuhi. Rangi inayopakwa juani hukauka usoni kabla haijashika chini, na rola huacha michirizi.

Paka praima mkono mmoja, iache kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha paka usuli mikono miwili myembamba. Maji ya kuzimulia yasizidi kiasi kilichoelekezwa. Rangi iliyozimuliwa mno huonekana kama imeokoa fedha, lakini gundi yake imepungua na itageuka unga.

Uso ulio tayari una rangi moja isiyo na mabaka, na kitambaa kikipitishwa hutoka kikavu na kisafi.

## Hatua ya 6: Hamisha mchoro ukutani

Usiamini ukingo wa paa wala wa dirisha, kwa sababu mara nyingi haujanyooka. Shusha timazi kupata mstari wima wa kwanza, tumia pima maji kwa mstari mlalo, kisha pima pembe mbili za mstatili kwa mshazari. Kwa ukuta wetu kila mshazari unapaswa kuwa karibu mita 4.66. Ikiwa mishazari hailingani, mstatili umepinda na mchoro wote utapinda nao.

Weka alama kila sentimita 40, pigilia uzi wenye unga wa chaki, na uandike herufi na namba za safu pembeni. Halafu chora mraba kwa mraba. Tazama mstari unaingia mraba kwa upande gani na unatokea wapi. Usijaribu kuchora kitu kizima kwa kukisia. Baada ya kila safu, shuka kwenye ngazi, rudi nyuma mita kadhaa na upige picha, maana ukiwa karibu na ukuta bakuli la mviringo hurefuka bila wewe kutambua.

Tumia chaki au penseli nyepesi. Mkaa mwingi huchafua rangi nyeupe na njano, na wino wa kalamu nene hupenya rangi ya maji na kujitokeza juu hata baada ya mikono mitatu. Projekta ni njia ya haraka, ila inahitaji giza, umeme na nafasi ya kutosha mbele ya ukuta; ukiiweka upande, picha itapindika.

## Hatua ya 7: Paka mchoro

Anza na vilivyo mbali na umalizie na vilivyo karibu, ukishuka kutoka juu kwenda chini ili matone yaangukie sehemu ambazo bado hazijakamilika. Jaza maumbo makubwa kwa rangi ya kati kwanza, kisha vivuli, kisha mianga. Kwa bakuli la supu, mwanga mwembamba kwenye ukingo na mvuke uliopakwa kwa brashi karibu kavu ndivyo vitakavyowafanya watu waone joto.

Changanya kila rangi ya kutosha kazi yote kwa mara moja, kwa sababu kuipata ileile kesho ni vigumu. Jaribu tone kwenye kipande cha ukuta kwanza, kwani akriliki hukoza kidogo inapokauka. Kwa ukuta unaopigwa na jua, tegemea zaidi rangi za oksidi ya chuma kama nyekundu ya udongo, manjano ya udongo na kahawia. Waridi na nyekundu kali za bei nafuu hupauka mapema, hivyo zitumie mahali padogo panaporekebishika.

Mawingu yakijikusanya, acha. Rangi ya maji ambayo haijakauka huoshwa na mvua moja, na michirizi yake huharibu hata sehemu zilizokwisha.

## Hatua ya 8: Herufi

Piga mistari miwili ya chaki, ya juu na ya chini. Chora herufi zote kwa penseli kabla ya kupaka hata moja, ili usijikute nafasi imekwisha na herufi ya mwisho imebanwa pembeni, jambo ambalo kila mtaa una mfano wake. Nafasi kati ya herufi ipimwe kwa jicho, kwa kuwa A na V zikikaa kwa umbali uleule wa I na H zitaonekana zimeachana.

Kabla ya kupaka, mwite mtu ambaye si wewe wala mwenye biashara, asome maneno kwa kutaja herufi moja moja kutoka mwisho kwenda mwanzo. Akisoma kwa kawaida, macho yake yatamsahihishia makosa bila yeye kujua.

## Hatua ya 9: Vanishi na makabidhiano

Acha mchoro ukauke kwa wiki moja ya hali ya hewa kavu, kisha paka vanishi ya maji mikono miwili myembamba. Jaribu pembeni kwanza. Vanishi ya mafuta isitumike, kwa kuwa hugeuka njano. Ikiwa bado una shaka na ukavu wa ukuta, afadhali uache vanishi kabisa, au uipake tu pale mikono na migongo inapofika.

Mwachie mwenye biashara vikopo vidogo vya kila rangi, vilivyofungwa vizuri na kuandikwa sehemu vilipotumika, pamoja na maelekezo ya kuosha kwa sifongo laini na sabuni kidogo, bila brashi ngumu. Wekeni tarehe ya kuukagua ukuta pamoja baada ya masika ya kwanza. Likionekana lengelenge, lisipakwe rangi juu: likatwe, chanzo cha maji kitafutwe, pakauke, kisha praima na rangi ya akiba zirudishwe kwa mpangilio uleule.